Si Kila Ukimya Ni Subira

Katika maneno yanayosemwa mara kwa mara mbele ya vijana, ni machache yapendwayo kuliko neno subira. Ni neno jema, wala mimi si adui yake. Wazee walisema kuwa subira huvuta heri, na kila aliyepata kulima shamba, kulea mtoto au kusomea mtihani ajua kuwa walisema kweli. Lakini hata neno jema laweza kugeuzwa kamba ya kuwafungia watu. Wako watu wazima, na baadhi yao ni walimu wenzangu, ambao wakimwambia kijana asubiri hawana maana ya kwamba avumilie kazi ngumu mpaka itimie. Maana yao ni kwamba anyamaze mbele ya dhuluma mpaka dhalimu achoke kwa hiari yake. Na ili fundisho lao lipate nguvu hutafuta mfano wa mtu mkubwa, na mmoja katika watu wanaochaguliwa kwa kazi hiyo ni Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli wa Marekani. Mtazameni Robinson, husema. Alitukanwa akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake akashinda.

Msomaji wangu, fundisho hilo ni potofu, na mtu anayesingiziwa kwalo hayupo tena kujitetea. Robinson alinyamaza kwa muda, kwa sharti, na kwa kusudi alilolijua. Kabla ya muda huo alisema, na baada yake alisema mpaka siku zake za mwisho. Ukiifuata njia ya kazi yake hatua kwa hatua utaona kwamba ushindi wake ulitokana na ustadi na ujasiri, na kwamba ukimya ulikuwa sehemu ndogo tu ya safari ndefu.

Huenda besiboli ni mchezo mgeni kwako. Umefanana kidogo na raunda, ambayo huchezwa katika shule zetu nyingi. Mrushaji hurusha mpira, na mpigaji huungoja kwa gongo. Uwanjani kuna vituo vinne vilivyopangwa katika pembe nne. Mpigaji akiupiga mpira hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Wapinzani hutawanyika uwanjani kumzuia. Watatu husimama mbali, nyuma kabisa. Wanne husimama karibu na vituo, na hawa ndio waitwao walinzi wa ndani. Mpira huwajia kwa kasi ya jiwe lililotoka katika teo, na mara nyingi hudunda katika udongo na kubadili njia. Mlinzi hana budi kuuokota, kugeuka na kuutupa kituoni kabla mkimbiaji hajafika, na yote hayo kwa muda usiotosha kuvuta pumzi mbili.

Tena kazi za walinzi hao hazilingani. Wa kituo cha kwanza hupokea mipira inayotupwa na wenzake, mingine juu ya kichwa na mingine miguuni. Wa kituo cha pili hupokea na kutupa huku mkimbiaji akimjia kwa nguvu zote. Wa kituo cha tatu yu karibu sana na gongo, kisha hutupa mbali. Wa nne, asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu, ana eneo kubwa la kulinda kuliko wote. Mchezaji wa kawaida hushukuru akiimudu nafasi moja. Robinson katika maisha yake ya kazi alizishika zote nne. Likumbuke jambo hili, kwa maana wanaomsifu kwa ukimya wake hawalitaji kamwe.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akiwa mtoto wa mwisho katika watoto 5. Wazazi wake walilima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Baba aliiacha jamaa yake, na mwaka 1920 mama, Mallie Robinson, aliwachukua watoto wake hadi Pasadena, jimbo la California, akafanya kazi katika nyumba za watu. Kaka yake Jackie, aliyeitwa Mack, alikuwa mkimbiaji hodari. Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi Pasadena, kazi aliyopata ilikuwa kufagia barabara. Mtu wa pili kwa kasi katika dunia nzima alipewa ufagio. Jackie aliyaona haya akiwa kijana, na hapana shaka yalimfunza mapema kwamba kipawa peke yake hakifungui mlango ulioshikiliwa na watu kwa ndani.

Yeye mwenyewe alisoma katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akawa wa kwanza katika chuo hicho kupewa heshima ya mchezaji rasmi katika michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, mpira wa miguu wa Kimarekani na riadha. Mwaka 1942 aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata akawa luteni. Mwezi wa Julai 1944, katika kambi ya Camp Hood, jimbo la Texas, dereva wa basi alimwamuru aende kukaa nyuma, mahali walipotakiwa kukaa watu Weusi. Robinson alikataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi wa Agosti mahakama ikamwona hana hatia. Je, huyu ndiye mtu anayeletwa kwetu awe mfano wa kunyamaza? Alikuwa na miaka 25, amevaa sare ya nchi iliyokuwa vitani, na angeweza kufungwa. Hata hivyo alisema hapana, akasimama mbele ya waamuzi kulitetea neno lake.

Sasa tuutazame mlango wenyewe. Katika ligi kuu za besiboli haikuwapo sheria iliyoandikwa ya kuwazuia Weusi. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu Mweusi, alichezea timu ya Toledo katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Baada ya hapo wenye timu walikubaliana kimyakimya kutowachukua Weusi, na kwa miaka zaidi ya 60 hakuonekana hata mmoja. Uangalie ukimya huu pia, msomaji. Dhuluma kubwa aghalabu hazihitaji kelele. Huhitaji tu watu wengi wanyamaze pamoja. Weusi waliunda ligi zao, wakasafiri usiku katika mabasi mabovu, wakacheza mchezo ulio sawa na ule wa ligi kuu au hata kuupita.

Katika ligi hizo alikuwamo Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa na warushaji wote. Alianza kazi hiyo akiwa kijana mdogo, na miaka yake yote aliimaliza nje ya mlango. Alifariki mwezi wa Januari 1947, umri wake miaka 35, miezi mitatu tu kabla Robinson hajaingia katika ligi kuu. Nawauliza wahubiri wa ukimya: Gibson alipungukiwa na nini? Kama kungoja bila ya kulalamika ndiko kunakoleta heri, basi heri ilimpotelea njiani. Naye Satchel Paige, mrushaji mwenye sifa kubwa, alipokelewa katika ligi kuu mwaka 1948, akiwa na miaka 42, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kustaafu. Subira ya watu hawa haikuwa ndogo, lakini aliyefaidika nayo alikuwa yule aliyewafungia mlango.

Mlango ulifunguka kwa sababu watu walisema. Waandishi wa magazeti ya Weusi, na miongoni mwao Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier, waliandika mwaka baada ya mwaka wakiuliza kwa nini mtu aitwe kuifia nchi yake vitani na kukataliwa kuchezea timu zake. Mwezi wa Aprili 1945 Robinson na wenzake wawili walipelekwa Boston kujaribiwa na timu ya Red Sox. Walicheza vizuri, wakaambiwa watapelekewa habari, na habari haikuja. Timu hiyo haikumchezesha mtu Mweusi mpaka mwaka 1959, ilipomwingiza Pumpsie Green, naye pia mlinzi wa ndani. Mwaka huo huo wa 1945 jimbo la New York lilitunga sheria ya kukataza ubaguzi katika kuajiri watu. Kwa hiyo Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers, alipoamua kumtafuta mchezaji Mweusi, hakuamka tu asubuhi moja moyo wake umelainika. Magazeti yalikuwa yamesema, sheria imesema, na yeye mwenyewe alitaka ushindi na watazamaji. Hata timu ya Kansas City Monarchs, ambayo Robinson aliichezea mwaka 1945 katika ile nafasi ya kati ya kituo cha pili na cha tatu, hakuilipa kitu alipomchukua. Namheshimu Rickey kwa ujasiri wake, lakini si lazima tumfanye malaika.

Tarehe 28 Agosti 1945 watu hawa wawili walikutana Brooklyn, wakazungumza kwa muda wa saa tatu hivi. Rickey alimwigizia Robinson matusi yote ambayo angeyasikia viwanjani, hotelini na njiani, kisha akamtaka aahidi kwamba hatarudisha. Robinson alikubali. Hapa ndipo wahubiri wetu husimama na kufunga kitabu, lakini hapa ndipo hasa yafaa tukifungue. Yale yalikuwa makubaliano kati ya watu wawili wazima, kila mmoja akijua analolitafuta. Yalikuwa na muda wake. Na katika muda huo Robinson hakupewa ruhusa ya kukaa tu na kuvumilia. Alitakiwa acheze vizuri kuliko wote.

Hatua ya kwanza ilikuwa Montreal, nchini Kanada, katika timu ya Royals iliyokuwa chini ya Brooklyn. Alipewa kituo cha pili. Katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 18 Aprili 1946 mjini Jersey City, aliupiga mpira kwa mafanikio mara 4 katika mara 5, na mara moja aliupeleka nje ya uwanja. Timu yake ilishinda kwa alama 14 kwa 1. Mwaka ulipokwisha alikuwa mpigaji wa kwanza katika ligi hiyo yote, kwa mafanikio 349 katika kila mara 1,000. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanja wa Ebbets Field akiwa mchezaji wa Brooklyn, umri wake miaka 28. Safari hii aliwekwa katika kituo cha kwanza, nafasi ambayo hakuizoea, akajifunza katika majuma machache yaliyotangulia msimu. Hebu fikiri: mtu anatukanwa kutoka pande zote, anatishwa kwa barua, na wakati uo huo anajifunza kazi mpya mbele ya maelfu ya watu. Mwisho wa mwaka alitajwa kuwa mchezaji mpya bora, na katika ligi yake hakuna aliyeiba vituo vingi kuliko yeye, yaani kukimbilia kituo cha mbele wakati mrushaji hajawahi kumzuia.

Mwezi huo huo wa Aprili ilikuja timu ya Philadelphia, na meneja wake, Ben Chapman, aliwaongoza wachezaji wake kumtupia Robinson matusi machafu ya rangi. Robinson alitimiza ahadi, hakujibu. Lakini matusi hayakuachwa bila ya jibu. Eddie Stanky, Mzungu aliyecheza kituo cha pili pamoja naye, aliwageukia wale watu na kuwaambia wamtafute mtu awezaye kuwajibu. Wanaosimulia ukimya wa Robinson huisahau sauti ya Stanky. Mtu mmoja aliweza kunyamaza kwa heshima kwa sababu mwingine alisema kwa niaba yake. Basi ukiambiwa unyamaze, tazama kwanza kama yule anayekuambia yu tayari kukusemea. Kama naye amenyamaza, hiyo si subira. Ni wawili kuogopa mtu mmoja.

Mwaka 1948 Robinson alihamia kituo cha pili, na mwaka 1949 Rickey alimwondolea lile sharti. Sasa aliweza kubishana na mwamuzi, kumjibu mpinzani na kuyataja maovu kwa majina yake. Kama wahubiri wetu wangekuwa na haki, mchezo wake ungeharibika tangu siku hiyo. Kilichotokea ni kinyume. Mwaka ule ule wa kufunguliwa kinywa aliongoza ligi yake katika kupiga, kwa mafanikio 342 katika kila mara 1,000. Aliiongoza pia kwa kuiba vituo, mara 37. Naye akatunukiwa cheo cha mchezaji bora wa ligi hiyo. Baadhi ya watu waliomsifu alipokuwa kimya walianza kumwita mkorofi. Hapo ndipo ulipofichuka moyo wao. Hawakupenda subira yake. Walipenda raha waliyoipata kwa kutosikia malalamiko yake.

Naye aliendelea. Mwaka 1953 alikuja kijana Mweusi, Jim Gilliam, akapewa kituo cha pili. Robinson, aliyekuwa na miaka 34, alihamia kituo cha tatu na wakati mwingine uwanja wa nyuma. Mwaka 1955 Brooklyn ilipata ubingwa kwa mara yake ya kwanza, na katika mchezo wa kwanza wa fainali hizo alikimbia kutoka kituo cha tatu akaiba kituo cha mwisho, jambo ambalo wachache huthubutu kulijaribu. Mwisho wa mwaka 1956 timu yake ilimwuza kwa mahasimu wake wakubwa, New York Giants. Hakwenda. Alikuwa amekwisha kupata kazi ya makamu wa rais katika kampuni ya kahawa, akaaga mchezo baada ya misimu 10.

Hapo wengi wangefunga mdomo na kula matunda ya jasho lao. Robinson aliandika katika magazeti, akakusanya fedha za kupigania haki za Weusi, na mwaka 1964 akashiriki kuanzisha benki ya Weusi katika mtaa wa Harlem. Nasi Wakenya tuna deni kwake. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana wetu katika vyuo vya Marekani, Robinson pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba watu wachangie nauli, na mwezi wa Septemba ndege iliwapeleka New York wanafunzi 81. Vijana wale hawakuvushwa bahari na ukimya wa mtu. Walivushwa na mtu aliyejua kuomba kwa sauti kwa ajili ya wengine.

Tarehe 15 Oktoba 1972, mjini Cincinnati, alipewa heshima mbele ya umati kwa kutimia miaka 25 tangu aingie katika ligi kuu. Alikuwa mgonjwa, macho yake yamefifia. Angeweza kushukuru na kukaa. Alishukuru, kisha akasema kwamba angefurahi zaidi siku atakapotazama uwanjani na kumwona mtu Mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye alifariki, umri wake miaka 53. Mwaka 1975 Frank Robinson, ambaye hakuwa jamaa yake, akawa meneja wa kwanza Mweusi katika ligi kuu, katika timu ya Cleveland.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema: lau Robinson angepigana mwaka 1947, wenye timu wangepata kisingizio, na mlango ungefungwa tena. Huenda ni kweli, na yeye mwenyewe aliliona hilo. Ndiyo sababu alikubali. Lakini jambo hilo linamhukumu nani? Linawahukumu walioweka sharti kwamba Mweusi awe mtakatifu ili apate nafasi ambayo Mzungu aliipata kwa kuwa mchezaji tu. Mzigo alioubeba ulikuwa wa dhuluma. Tumsifu kwa nguvu zilizoubeba, lakini tusiusifu mzigo, wala tusiwatwike watoto wetu mwingine kama huo na kuuita adabu.

Kwa hiyo, kijana, jifunze kuupima ukimya. Kuna ukimya wa mwenye kazi mkononi, ajuaye atanyamaza mpaka lini na kwa kusudi gani. Huo ni wa Robinson wa mwaka 1947, nao unaweza kukufaa, kwa mfano mtu anapokuchokoza ili mgombane usiku wa kuamkia mtihani. Na kuna ukimya usio na mwisho wala kazi, wa kungoja tu mkubwa aone huruma. Huo ndio ukimya wa bweni zima linalojua kwamba kiranja anawapiga wadogo na kuwanyang'anya chakula chao, na hakuna anayekwenda kwa mwalimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa akili yake, lakini sheria haina masikio. Haiwezi kumsaidia mtoto ambaye jambo lake halikusemwa na mtu yeyote.

Wala kusema si kutukana, na si kuchoma bweni. Robinson alipokataa kuhama kiti alikwenda kujieleza mbele ya mahakama. Wendell Smith alipoukataa ubaguzi alitumia kalamu. Sema lililo kweli, kwa mtu mwenye uwezo wa kulitengeneza, na ushahidi wako mkononi. Na asipolisikia, lipeleke kwa aliye juu yake. Na wakati unapolisema, usiiache kazi yako ilale, kwa kuwa neno la mtu hodari katika kazi yake ni gumu kupuuzwa. Nawe siku moja ukiambiwa tena kwamba Robinson alishinda kwa kunyamaza, muulize msemaji kwa upole: alinyamaza mpaka mwaka gani, alikuwa akifanya nini katika muda huo, na ni nani aliyemsemea?